Cayenne V8 ya 2003 hadi 2006: inapoteza maji, inamisi, inagonga. Uanzie wapi?

Unapanda Kitonga ukitokea Ruaha Mbuyuni, nyuma umepakia vitunguu vya kupeleka nyumbani, na mbele yako kuna lori linalotambaa. Njia inafunguka, unakanyaga mafuta, V8 inaitika. Dakika mbili baadaye harufu tamu inaingia ndani ya gari, kama sukari iliyomwagikia jiko la moto. Mshale wa joto bado uko katikati. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. Hapo watu wengi huamua kuendelea mpaka Ilula, na injini nyingi nzuri zimekufa kwa uamuzi huo.

Mwongozo huu ni wa Porsche Cayenne za kizazi cha kwanza zenye V8 ya lita 4.5: Cayenne S ya nguvu farasi 340, Turbo ya 450, na Turbo S ya 521 iliyokuja 2006. Kuanzia toleo la 2007 injini ilibadilishwa ikawa lita 4.8 yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo ina tabia zake, kwa hiyo usichukue kila neno la hapa ukalipeleka kule.

Nayaandika haya kwa sababu naona gari linauzwa kwa bei ya pikipiki mbili tatu, au linalazwa chini ya mwembe miaka minne, wakati lililoliua ni kifaa kidogo ambacho hakuna aliyekipima. Kila dalili hapa chini ina kipimo cha bei ndogo. Kifanye kabla hujatoa hela ya spea.

Maji yanapungua, chini hakuna tone

Hii ndiyo dalili kubwa ya gari hili, nami nitakaa nayo zaidi kuliko nyingine.

Katikati ya V ya injini, kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifodi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), kuna bonde. Humo yamelala mabomba ya maji, na kiwanda kiliyatengeneza kwa plastiki. Yanapigwa na joto la silinda kulia na kushoto, juu yamefunikwa, upepo hayaupati. Miaka ikipita plastiki inakauka na kuwa kama ganda la yai. Siku moja, aghalabu ukiwa umekanyaga sana na presha ya maji imepanda, bomba linapasuka. Usidhani ni jua la Dar peke yake. Marekani, wamiliki wa Cayenne V8 za miaka hiyo walifungua kesi ya pamoja katika mahakama ya shirikisho jimboni Ohio kwa ajili ya mabomba haya haya, na Porsche wenyewe walitoa mabomba ya alumini ya kubadilishia.

Huoni tone chini kwa sababu bonde lile linakinga maji kama beseni. Yakijaa yanachuruzikia nyuma, pale injini inapoungana na gia boksi. Mtu anayetazama kwa chini anaona unyevu kwenye gia boksi, anasema sili imekwisha, na bili inaandikwa. Stata nayo iko ndani ya bonde hilo hilo. Kwa hiyo gari linalopoteza maji kidogo kidogo na stata inayoanza kusita asubuhi huwa ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili.

Pima hivi. Injini iwe imepoa kabisa. Funga pampu ya mkono ya kupimia presha kwenye tanki dogo la maji, uijaze bila kuzidi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, kisha ngoja dakika 15. Mshale wa pampu ukishuka, maji yanatoka mahali fulani. Chukua tochi na kioo kidogo, chungulia nyuma ya manifodi, kisha ingia chini utazame maungio ya gia boksi. Ukikuta unyevu mwekundu usikimbilie kutoa hukumu, maana kulanti (dawa ya kupoozea inayochanganywa na maji ya injini) na oili ya gia boksi zote zinaweza kuwa na wekundu. Kinga matone mawili kwenye glasi ya maji safi. Kulanti itayeyuka na maji yatapata rangi. Oili itaelea juu, iking'aa. Glasi hiyo tu imewahi kuokoa gia boksi isishushwe. Usionje kwa ulimi hata kidogo, kulanti ni sumu.

Na ule mshale wa katikati? Sensa ya joto inapima maji yanayoigusa. Maji yakishuka ikabaki kwenye hewa na mvuke, inaweza kukupa picha ya amani huku vichwa vya silinda vinaungua. Ndiyo maana harufu tamu inatosha. Simama, zima injini, na usifungue mfuniko. Ngoja saa nzima, zaidi kama uko mlimani mchana.

Wakati wa kubadilisha mabomba hayo, manifodi ya hewa inatoka na milango ya hewa ya silinda zote nane inabaki wazi. Bomba la zamani ukilishika tu linaachia kipande mkononi, cheusi, chenye kingo kali, na ukikibonyeza kwa kidole gumba kinavunjika tena. Kipande kama hicho kikidondokea kwenye mlango wa silinda, umetengeneza tatizo kubwa kuliko lililokuleta. Ziba kila mlango kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, vihesabu vitambaa ukiviweka, na vihesabu tena ukivitoa.

Mabaki ya bomba yaliyoganda ndani ya tundu lake yakwangue kwa kijiti cha mbao au plastiki ngumu. Bisibisi inachana alumini, na mchano mmoja unapitisha maji kando ya oringi mpya (pete ya mpira ya kuzibia). Zilainishe oringi kwa kulanti yenyewe au grisi ya silikoni. Na kwa kuwa umeshafika huko ndani, badilisha themostati (valvu inayofungulia maji yakipata moto), kagua waya na boliti za stata, na badilisha vile viungo vya plastiki vya T vya mipira ya hita nyuma ya injini. Navyo ni vya umri ule ule, na kuvifuata tena baadaye ni kulipa ufundi mara mbili.

Kuna wanaopaka gundi ya chuma kwenye ufa wakarudisha manifodi. Usikubali. Gundi inashika pale ilipopakwa, plastiki iliyo pembeni yake inapasuka mwezi ujao.

Neno kuhusu maji yenyewe. Nililiacha gari langu gereji moja hapa mjini kwa kazi nyingine kabisa, vijana wakaona tanki limepungua wakaongeza maji ya kisima. Walidhani wananisaidia. Visima vingi vya Dar vina chumvi, unaijua ukioga tu. Miezi kadhaa baadaye nilipofungua mpira wa juu wa rejeta nilikuta ukoko mweupe kama wa birika la chai, na mdomo wa alumini umeliwa kama hindi la kuchoma. Tangu siku hiyo nasafiri na chupa ya lita mbili ya mchanganyiko wangu: nusu kulanti inayoendana na iliyomo, nusu maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi.

Ukimaliza kujaza, toa hewa. Pua ya gari iwe juu kidogo, hita iwe kwenye moto wa mwisho, injini iungurume taratibu mpaka mpira wa chini wa rejeta upate moto. Hewa iliyobaki ndani itakufanya uamini kazi imeshindikana.

Linachemsha, na maji yapo

Anza na vitu vya mbele. Kati ya kondensa ya AC na rejeta hukusanyika vumbi, wadudu na majani mpaka panakuwa kama mkeka. Kwa mbele hupaoni, inabidi ulegeze na kutenganisha. Gari linalochemsha foleni ya Mwenge na kupoa likishika barabara ya Bagamoyo lina shida ya feni au ya upepo kupita. Linalochemsha kwenye mwendo mkubwa na kupoa foleni lina shida ya maji kuzunguka: themostati, pampu, au rejeta iliyoziba ndani.

Hofu ya kila mtu ni gasketi ya silinda hedi. Usiikisie. Asubuhi kabla ya kuwasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu wakati gari limelala usiku kucha, shaka yako ina msingi. Kisha tumia kile kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa tanki injini ikiwa inaunguruma. Moshi wa silinda ukiwa umeingia kwenye maji, dawa inageuka kuwa ya njano. Dawa ikibaki buluu, rudi kwenye feni.

Injini inamisi

Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, ukikanyaga inakohoa, taa ya injini inawaka. Taa hiyo ikiwa inamweka, ikizima na kuwaka, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli isiyoungua inashuka kwenye masega ya ekzosi (katalisti, kisafisha moshi) na kuungulia huko, na masega ya gari hili ni ghali.

Mashine ya kompyuta itakupa namba. P0301 mpaka P0308 inakutajia silinda yenyewe, P0300 inasema misi inarukaruka kati ya silinda. Namba hiyo inakwambia moto haukuwaka silinda fulani. Haikwambii kwa nini, na hapo ndipo watu wanaponunulishwa koili nane (zinazozipa plagi umeme), plagi nane na nozeli kwa siku moja.

Hamisha koili ya silinda inayosumbua uipeleke silinda nyingine, futa namba, endesha, pima tena. Namba ikihama na koili, umempata mhusika. Isipohama, hamisha plagi vivyo hivyo. Koili za injini hii hupasuka ngozi kwa joto, ufa mwembamba kama unywele. Zitoe, zifute, zigeuze polepole juani. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, gasketi ya kava la valvu inavuja, na koili mpya nazo zitaoza humo humo.

Koili na plagi zikiwa safi, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Namba P0171 na P0174 zikija pamoja, pande zote mbili zinalalamika hewa ni nyingi kuliko petroli. Tazama mipira ya vakyumu, ambayo ikizeeka inabonyea kama uji ulioganda. Jaribu pia kufungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa. Ukivutwa kwa nguvu kama umegandishwa, na kuna mlio wa filimbi, ngozi ya kile kitenganisha mvuke wa oili imechanika. Ikichanika hivyo injini inavuta mvuke wa oili, na ndiyo sababu moja ya moshi wa buluu ambayo si kifo cha pistoni.

Turbo imepoteza ubavu

Inaondoka kama Cayenne S iliyochoka, na ukikanyaga unasikia pumzi inavuja: fyuuu. Kwanza ni mipira na klipu kati ya turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) na manifodi. Mpasuko mwingi uko upande wa chini usioonekana, na unafumbuka presha ikiingia tu. Mashine ya moshi inaumaliza ubishi kwa dakika kumi: moshi unapulizwa ndani, unakuonyesha unapotokea.

Kisha zile valvu mbili za kurudisha upepo unapoachia mafuta. Ndani yake kuna ngozi ya mpira. Tumia pampu ya vakyumu ya mkono kwenye mdomo wake mdogo. Ikishika, nzima. Ikiachia, imechanika, na turbo inasukuma upepo unaorudi ulikotoka.

Halafu petroli. Kitabu cha gari hili kinapendekeza oktani 98. Ukitia ya chini, sensa za kugonga zinaisikia injini na kompyuta inarudisha nyuma wakati wa moto ili pistoni zisiumie. Gari halitaharibika papo hapo, litakuwa zito. Mtu aliyenunua turbo mpya wakati tatizo ni kituo anachojazia mafuta anastahili pole. Turbo yenyewe ishuke mwisho kabisa, baada ya kushika ekseli yake kwa vidole na kuhisi inacheza pembeni, au kukuta oili nzito kwenye bomba lake.

Kishindo chini ya sakafu

Du, du, du, katikati ya viti, ukiondoka kwenye taa au ukikanyaga katika kilomita 40 kwa saa. Kikiisha mwendo ukitulia, ni senta beringi. Propela shafti ina vipande viwili, na katikati inashikwa na beringi iliyoning'inizwa kwa mpira. Mpira ukichanika, shafti inapigapiga sakafu. Pandisha gari, isukume shafti juu kwa mkono. Ikipanda mpaka ikagusa chuma, umemaliza uchunguzi. Dila atakuambia ununue shafti nzima. Beringi peke yake inapatikana kwa watengenezaji wengine na inafanya kazi, mradi uweke alama ya rangi kwenye maungio kabla ya kufungua ili shafti irudi ilivyokuwa. Ukiirudisha imegeuka, utaibadilisha sauti ya du kuwa mtetemo.

Mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi, kwa ufupi: gari lililolala limesimama na kuamka limeinama kona moja linavuja kona hiyo. Maji ya sabuni, tazama mapovu. Usiiache kompresa ifanye kazi usiku na mchana kufidia, itaungua, na rilei yake ikigandamana inaimaliza betri pia.

Inagonga upande mmoja na inakula oili

Hapa tuwe wataratibu, maana neno linalotamkwa hapa ndilo linalolipeleka gari chini ya mwembe.

Sikiliza lini inagonga. Ikigonga sekunde chache tu baada ya kuwasha asubuhi kisha ikanyamaza, ni oili iliyoshuka usiku, na tapeti (visukuma valvu) zinajaa tena. Ikigonga ikiwa baridi na kupungua inavyopata moto, kagua gasketi za ekzosi, kwa sababu chuma kikitanuka kinajiziba. Lakini ikianza kimya, kisha ikipata moto inagonga taratibu kwenye sailensa, upande mmoja tu, na bomba la ekzosi la upande huo ni jeusi kwa masizi kuliko lenzake, na unaongeza oili kila safari ya mkoani, basi kuna uwezekano kuta za silinda zimekwaruzika.

Bloku hii haina sleevu za chuma, yaani mirija inayovikwa ndani ya silinda. Ni Alusil, alumini iliyochanganywa na silikoni, na pistoni zinateleza juu ya chembe ngumu za silikoni zilizoachwa zimechomoza kidogo ukutani. Pistoni nazo zimepakwa tabaka la chuma. Tabaka likibanduka, alumini inasugua alumini. Gari lililoishi kwenye baridi kali huko lilikotoka, likiwashwa na kukanyagwa papo hapo, lina hatari kubwa zaidi. Lililowahi kuchemsha nalo vilevile, na hapo ndipo yale mabomba ya plastiki yanaporudi kwenye hadithi.

Kipimo cha kompresheni peke yake kisikutulize. Oili iliyojaa ukutani inaweza kuziba mikwaruzo na namba zikaja nzuri. Unachohitaji ni kamera ya waya, yenye kichwa kinachopinda. Toa plagi zote nane, zipange kwa mpangilio wa silinda zake, na zitazame kwanza. Ile yenye kaa jeusi lenye oili inakuonyesha pa kuanzia. Zungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya silinda hiyo ishuke chini kabisa, ingiza kamera, kisha pindisha kichwa kitazame ukuta. Ukuta mzima ni wa kijivu kisichong'aa, tulivu, kama slati. Ukuta uliokwaruzika una mistari ya wima, mipana, myeusi, inayoanzia chini kwenda juu. Ukishaiona mara moja hutaichanganya na kitu kingine. Mstari mmoja mwembamba kama wa penseli usiuhukumu, piga picha, uangalie tena baada ya kilomita elfu chache.

Mistari ikiwepo, usimruhusu mtu aichonge bloku hiyo kwa mashine ya kawaida na kuweka ringi mpya. Mashine ile inafaa bloku ya chuma. Kwenye Alusil inakata zile chembe za silikoni, na injini itakula oili upya kabla hujamaliza tanki kumi. Njia ni mbili: karakana inayojua kuvika sleevu bloku ya alumini kwa vipimo sahihi, au injini nyingine.

Injini za mtumba zinapatikana, nyingi zinapitia Sharjah au zinatoka Japani. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, ilikuwa inatembea." Inawezekana ni kweli. Mwombe akuruhusu ufungue plagi na uende na kamera yako, soketi ya kuzungushia injini na tochi. Tazama silinda zote nane, hata kama nne za kwanza ni safi. Chungulia pia chini ya manifodi kama mabomba ni ya plastiki au alumini. Yakiwa ya plastiki, yabadilishe injini ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia kwenye gari. Na muuzaji asipotaka plagi zifunguliwe, iache injini yake pale pale.